Hati za wanachama zisifungwe kwa ghala moja la mtandaoni

Ndugu Mhariri,

Majuma mawili yaliyopita, katika ukurasa huu wa barua, msomaji mmoja wa Kayole alieleza alivyosubiri siku nne ili Sacco yake impe nakala ya mkataba wa mkopo, ilhali alipojiunga aliambiwa kwamba stakabadhi zote "ziko mtandaoni." Akauliza: kama ziko mtandaoni, siku nne ni za nini? Swali hilo limenikaa moyoni, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu wanaolipwa kuziweka huko. Ninaandika programu za kompyuta. Ofisi yangu ni chumba kimoja orofa ya tatu, karibu na Barabara ya Kirinyaga, juu ya duka la vipuri vya magari, na kwa miaka tisa wateja wangu wamekuwa Sacco ndogondogo, zahanati mbili, shule moja na kanisa moja. Naomba nafasi nimjibu. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana jambo lenyewe wenyeviti na makarani wengi hawajawahi kuelezwa na sisi tunaowauzia mifumo.

Neno klaudi, yaani hifadhi ya mtandaoni, limewafanya watu wengi wadhani huko juu kuna ghala moja kubwa la wote. Hakuna. Kuna maghala mengi, kila moja na mwenyewe, na kila moja na taratibu zake mlangoni. Amazon ilifungua ghala lake liitwalo S3 mwezi Machi 2006. Google Drive ilikuja 2012, na kando yake wapo Dropbox, OneDrive ya Microsoft na wengine tele. Kwa mtu anayehifadhi picha kwa simu yake, yote ni mamoja. Kwa programu, hayafanani hata kidogo. Ndani ya S3, kwa mfano, hakuna folda. Unachokiona kama folda ni jina refu tu la faili lenye mikwaju (/) katikati. Google Drive inakubali faili mbili zenye jina lilelile zikae katika folda moja, kwa kuwa yenyewe hutambua kila faili kwa kitambulisho ilichoipa, wala haitazami jina. Dropbox haitofautishi herufi kubwa na ndogo: MKOPO.pdf na mkopo.pdf kwake ni faili moja, na kwa S3 ni mbili. OneDrive haipokei jina lenye nukta pacha (:).

Kuna na la uhakiki. Faili ikishapakiwa, programu iliyoandikwa vizuri huuliza: imefika nzima? Jibu hutolewa kwa alama ya hesabu, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na kila baiti, yaani kila chembe ya data, ya faili hiyo. Baiti moja ikibadilika, alama yote inabadilika. Google Drive hutoa alama ya MD5, aina moja ya hesabu hiyo. Dropbox huikata faili vipande vya megabaiti nne, ikakokotoa alama ya kila kipande, kisha ikakokotoa alama ya alama hizo. OneDrive ina hesabu yake nyingine kabisa. Ukichukua alama ya ghala hili ukailinganisha na ya lile, utakuwa kama mtu anayepima kitambaa kwa kilo huku mwenzake akikipima kwa mita, na hakuna atakayejua kama kimepungua.

Hapo ndipo sisi waandishi wa programu tunapowakosea wateja wetu. Tukipewa kazi, tunasoma maelekezo ya ghala moja, lile tulilolizoea, na kuandika mfumo mzima kwa lugha ya ghala hilo. Karani akihifadhi picha ya kitambulisho, msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, unaliita ghala hilo kwa jina. Akifungua fomu, vivyo hivyo. Ripoti ya mwezi, vivyo hivyo. Mfumo unafanya kazi, mteja analipa, tunapeana mikono. Siku ya kuhama ikifika ndipo inapojulikana kwamba hakuna pa kutokea.

Mimi nililiona hilo Januari 2024. Kuna Sacco ya wafanyabiashara wa Gikomba, wengi wao wauzaji wa mitumba. Mfumo wao ulijengwa na kampuni moja ya hapa jijini, ambayo sitaitaja, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyowakodishia hifadhi ya mtandaoni kwa dola 310 kwa mwezi. Mwanzoni mwa 2022, dola ikiwa karibu Sh113, hiyo ilikuwa kama Sh35,000. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imepanda hadi Sh160, na malipo yaleyale yakawa karibu Sh50,000 bila huduma kuongezeka hata chembe. Kamati ikaamua kuhama. Kampuni ikajibu kwamba mfumo haujui ghala jingine, na kuufundisha kungechukua miezi mitatu kwa malipo mapya. Mwenyekiti, mzee mpole aliyeanza biashara kwa kuuza soksi kando ya barabara, alipanda ngazi zangu akiwa na mkataba mkononi. Kwa bahati njema mkataba ulisema msimbo ni mali ya Sacco.

Niliufungua msimbo huo jioni ileile nikahesabu. Ghala lilikuwa limeitwa kwa jina katika sehemu sitini na tatu. Faili zenyewe zilikuwa 118,460, jumla gigabaiti 212. Watu hulaumu ada ambayo kampuni za klaudi hutoza mteja anapotoa data yake, nami nilidhani ukuta ungekuwa hapo. Lakini hata kwa senti tisa za dola kwa gigabaiti, bei ambayo Amazon imetoza kwa miaka mingi katika vituo vyake vya Marekani, mzigo wetu usingefika dola ishirini. Tena miezi michache ya kwanza ya 2024, Google, Amazon na Microsoft zilitangaza, moja baada ya nyingine, kwamba mteja anayehama kabisa hatatozwa ada hiyo. Ukuta wetu ulikuwa ndani ya msimbo, katika zile sehemu sitini na tatu.

Dawa yake ipo, na haiuzwi. Inaitwa maktaba ya programu. Maktaba ya namna hii ni fungu la msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, ukajaribiwa na wengi, ambao mimi nauita ndani ya kazi yangu badala ya kuanza upya. Maktaba ya kufikia maghala hunipa maneno machache tu: soma, andika, orodhesha, nakili, futa. Nikisema "andika," yenyewe inajua kwamba mlango huu unadai tokeni fulani, kwamba ule unataka faili kubwa ikatwe vipande, kwamba kule hakuna folda. Ghala likibadilishwa, nabadilisha mistari michache ya mipangilio, na karani anaendelea na kazi yake kama jana. (Tokeni hapa sizungumzii za stima, ingawa zinafanana kwa jambo moja: ni ruhusa yenye kikomo. Badala ya Sacco kuipa programu nywila yake, ghala huitolea programu tokeni inayokwisha baada ya muda, na maktaba huomba nyingine yenyewe.)

Maktaba hizi ziko kadhaa. Apache Libcloud, ya wanaoandika kwa lugha ya programu iitwayo Python, ilianza 2009. Sisi wa PHP, lugha nyingine ya programu, tuna Flysystem ya Mholanzi Frank de Jonge, na yeyote anayejenga kwa Laravel, kiunzi cha PHP, amekuwa nayo mkononi tangu 2015. OpenDAL imeandikwa kwa lugha ya Rust lakini huitwa pia kutoka Python, Java na lugha nyingine. Januari 2024 ilipandishwa kuwa mradi kamili wa Apache, wakfu unaosimamia programu huria. Na ipo rclone, iliyoanzishwa na Nick Craig-Wood wa Uingereza kwa lugha ya Go, inayojua zaidi ya aina 70 za maghala na kufanya kazi ileile katika Windows, Mac na Linux. Hilo la mwisho ni kubwa kwetu. Katika Sacco niliyoitaja, kompyuta ya kaunta ni Windows kuukuu, seva ni Linux, na mhasibu huja na Mac yake. Chombo kinachojua mfumo mmoja tu kingenirudisha palepale. Zote hizi ni programu huria: unazipakua bure, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua.

Zile sehemu sitini na tatu zilinichukua siku kumi na moja, zote zikapitia Flysystem. Kisha Ijumaa moja, saa mbili usiku, nikaanza kuhamisha faili kwa rclone, karani akiwa kando yangu na chupa ya chai. Usipoiambia vingine, rclone hupeleka faili nne kwa wakati mmoja, na majina yake unayaona yakipita kwenye skrini. Karani alikuwa akiwatambua watu kwa namba za uanachama. Huyu anauza viatu, huyu alifariki mwaka jana, huyu mkopo wake ulimsomeshea binti. Saa nane usiku stima ikapotea jengo zima.

"Kaka, zimepotea?"

"Ngoja tuone, dada."

Stima ilirudi baada ya dakika arobaini hivi. Niliandika amri ileile, nayo ikaziruka faili zilizokwisha kufika, ikaendelea na zilizosalia. Jumamosi alasiri nikaiagiza ilinganishe pande zote mbili, faili kwa faili, kwa alama za hesabu. Ikamaliza ikaandika: tofauti sifuri. Leo Sacco hiyo inalipia hifadhi chini ya theluthi ya ilichokuwa ikilipa.

Mhariri, nikiishia hapo sitakuwa nimesema kweli yote. Tulikuwa tumeteremsha nakala ya akiba kwenye diski ya kompyuta ya kaunta, ili intaneti ikisuasua karani aendelee kuwahudumia watu. Kwa haraka zangu nikaandika programu ndogo ya kutafuta inayosoma diski hiyo moja kwa moja, bila kupitia maktaba. Jumatano iliyofuata akaja mama mmoja anayeuza mapazia, akitaka nakala ya mkataba wake wa 2019. Karani akaingiza namba yake. Jibu: faili haipo. Akarudia. Haipo.

"Mwanangu," mama akamwambia, "karatasi hiyo nilikukabidhi mimi mwenyewe, ukaipiga picha nikiwa nimesimama hapa hapa."

Nilipofika niliiona faili kwa macho yangu kwenye diski: jina la mkopo, tarehe, kisha saa, 10:42. Jina lilelile lililokuwa kwenye kumbukumbu ya mfumo, herufi kwa herufi. Karibu saa nzima ilipita kabla sijagundua. Ile nukta pacha kati ya 10 na 42 haikuwa nukta pacha tunayoiandika sisi. Windows hairuhusu alama hiyo katika jina la faili, kwa hiyo rclone ilipoiteremsha iliweka mahali pake alama nyingine inayofanana nayo, pana kidogo, inayotumika katika maandishi ya Kichina na Kijapani. Kwa jicho ni vigumu kuzitofautisha, lakini kwa kompyuta ni alama mbili mbalimbali. Rclone yenyewe inakumbuka kanuni hiyo, na inaposoma diski ya Windows huirudisha alama ya asili. Programu yangu, iliyopita mlango wa nyuma, haikujua. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile ambalo nilikuwa nimetoka kulaumu. Niliifuta, nikaandika nyingine inayopitia rclone, na yule mama akapata karatasi yake saa kumi jioni. Alikuwa amefika saa nne asubuhi. Kibanda chake kilishinda kimefungwa siku hiyo, na hakuna aliyemlipa.

Ndiyo maana simwambii msomaji wa Kayole kwamba karani wake ni mvivu. Huenda hati yake imo ndani ya ghala, nzima kabisa, na mfumo haujui kuiuliza. Huenda Sacco ilihama ghala mwaka mmoja, hati za zamani zikabaki kule kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzihamisha, na kila anayeomba cha zamani hulazimika kungoja mtu wa kompyuta aingie huko kwa mkono. Nimeyakuta haya mara mbili, katika ofisi mbili tofauti.

Maktaba hizi zina upungufu wake, na mteja ana haki ya kuusikia. Kwa kuwa zinatafuta maneno ambayo maghala yote yanaelewa, mambo mazuri ya ghala moja pekee hupotea au huwa magumu kuyafikia, kama vile kurejesha toleo la zamani la faili au kushiriki faili kwa kiungo. Pia maktaba moja hushika funguo za maghala yote. Faili yake ya mipangilio ikiachwa wazi kwenye kompyuta ya kaunta, anayeiba kompyuta ameiba maghala. Rclone ina njia ya kuifunga mipangilio hiyo kwa nywila, nami siku hizi sitoki ofisi ya mteja kabla ya kuifunga. Na wanaozitunza maktaba hizi wengi ni watu wa kujitolea. Tunaochuma riziki kwa jasho lao hapa Nairobi tungeweza angalau kuandika ripoti za hitilafu tunazozikuta, tena kwa makini, badala ya kunung'unika kwenye vikundi vya simu.

Hata hivyo hatari ya kukaa katika ghala moja ni kubwa zaidi. Septemba 2013 kampuni ya hifadhi ya Nirvanix, ya Marekani, iliwaambia wateja wake kwamba inafunga, na ikawapa wiki mbili hivi kuondoa data yao. Wiki mbili! Kampuni iliyoijengea Sacco ya Gikomba mfumo iliomba miezi mitatu. Na hapa nyumbani, Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa siku moja, na wengi wetu tunakumbuka jinsi intaneti ilivyokuwa ikijivuta. Ofisi iliyokuwa na nakala katika diski ya karibu, ikisomwa kwa maktaba ileile, iliendelea kuwahudumia watu wake.

Wakenya tumekwisha kuielewa hoja hii kwingine. Tangu Aprili 2011 mtu anaweza kuhama kampuni ya simu bila kuacha namba yake. Tangu 2018 tunatuma pesa kutoka mtandao mmoja wa simu hadi mwingine, zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya anayepokea. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupewa data yake katika muundo unaosomeka kwa mashine, na kuihamishia kwingine. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamesonga mbele: tangu Septemba 12, 2025 kampuni za klaudi zinawajibika kumsaidia mteja anayehama, na kuanzia Januari 2027 hazitaruhusiwa kumtoza kwa kuhama. Sisi haki tunayo kwenye karatasi, lakini karani wa Gikomba hawezi kuitekeleza ikiwa mfumo aliouziwa unajua mlango mmoja.

Kwa hiyo nawaomba wanakamati wa Sacco, bodi za shule, wazee wa kanisa na maafisa wa kaunti wanaotoa zabuni: kabla ya kutia sahihi, mwulizeni anayewajengea mfumo, "Tukitaka kuhamisha faili zetu zote kesho, utabadilisha sehemu ngapi za msimbo?" Akisema moja au mbili, mwambieni awaonyeshe. Aunganishe ghala la pili mbele yenu, apeleke faili kumi, azirudishe, alinganishe alama za hesabu. Kazi hiyo haimalizi saa moja. Akianza kuzungukazunguka, hiyo ni ishara. Na akaunti ya ghala iandikwe jina la chama, kamwe isiwe ya fundi, hata fundi huyo akiwa mimi. Nawe Mhariri, kurasa zako husomwa na watu ambao hawatafungua maelekezo ya kiufundi ya Kiingereza. Nakuomba uwape waandishi wako nafasi ya kuzifuatilia zabuni za mifumo ya kompyuta katika kaunti na vyama vya ushirika kama wanavyozifuatilia zabuni za barabara.

Mimi huwa ofisini kila Jumamosi asubuhi. Karani yeyote atakayekuja na mkataba wa mfumo wake, tutaketi tuusome pamoja bila malipo. Huyo msomaji wa Kayole nitafurahi akija pamoja na karani wake.

Mwandishi wa programu,
Barabara ya Kirinyaga, Nairobi